Mito Iliyowekwa Awamu ya Pili

Atlasi ya maeneo ya kipaumbele ya maji baridi ya Afrika Kusini, iliyotolewa mwaka 2011 na Jeanne Nel na wenzake, yafaa isomwe hata na wachungaji. Ubora wake mkubwa ni kuutazama mto pamoja na bonde lake zima. Hifadhi ya Kruger ni fundisho tosha: Olifants huanzia mbali nje ya mipaka yake, na uchafu wa migodi ya makaa ya mawe huingia hifadhini bila kubisha hodi. Ndiyo maana atlasi huonyesha pia vijito vya juu visivyo na samaki adimu, ambavyo vikichafuliwa huharibu vilivyo chini.

Hata hivyo, tunalo shaka. Waandishi wamechagua asilimia 22 ya urefu wa mito, na sharti lao kuu ni mto uwe bado katika hali njema. Mito iliyoharibika kiasi imewekwa awamu ya pili, iponywe baada ya ile mizuri kutunzwa ipasavyo. Kwa hesabu ya fedha hoja hii ni ya busara, maana kuulinda mto ni rahisi kuliko kuuponya. Waandishi wenyewe wanaonya kwamba mto usiochaguliwa haukuruhusiwa kuharibiwa. Lakini ofisa mwenye haraka huona rangi za ramani kabla ya maelezo. Je, wanaoteka maji katika mito ya awamu ya pili wangoje hadi lini? Ezekieli, sura ya 34, aliwatetea kondoo walioachiwa maji yaliyovurugwa, atlasi haikuwauliza.