Lizaveta Hakuwamo Kwenye Hesabu

Raskolnikov, mwanafunzi wa Petersburg aliyeacha chuo kwa ufukara, anamchagua mtu wa kuua kwa kupiga hesabu. Alyona Ivanovna ni kikongwe anayeshika vitu vya maskini rehani na kukata riba kabla fedha haijatoka mkononi mwake. Mali yake ameiusia monasteri. Afe mmoja, wapone mamia kwa fedha zake. Machoni pa kijana huyu, kikongwe si mtu tena. Ni dhuluma yenyewe iliyofungwa kitambaa shingoni.

Dostoyevsky angeishia hapo, Uhalifu na Adhabu (1866) ingebaki riwaya nzuri ya mjadala. Ninachokihusudu ni maiti wa pili. Lizaveta, ndugu wa Alyona kwa baba, mwanamke wa miaka 35 anayetumikishwa mchana na usiku, anarudi ghafla na kuukuta mwili sakafuni. Wa kwanza alichaguliwa na muuaji. Huyu amechaguliwa na mwandishi.

Tazama shoka. Alyona anapigwa kwa upande butu, yaani makali yanamwelekea mshika shoka mwenyewe. Kwa Lizaveta yanageuka mbele. Mwandishi hafafanui lolote, anapita.

Kisha, taratibu, anamrudisha marehemu. Nastasya, mtumishi wa nyumba anayopanga Raskolnikov, anaropoka kwamba Lizaveta aliwahi kumrekebishia kijana huyo shati. Baadaye Sonya, msichana ambaye Raskolnikov atakuja kumwungamia, anamsomea habari za Lazaro kufufuliwa, na Agano Jipya lililo mkononi mwake aliletewa na nani? Lizaveta. Lizaveta alikuwa amempa Sonya hata msalaba wake. Hesabu ya Raskolnikov ilijengwa kwa ajili ya wanyonge, na mnyonge wa kwanza kuuawa ni yule aliyemrekebishia shati. Wala hamfikirii, kuna mahali anajishangaa mwenyewe kwa nini Lizaveta hamjii akilini, kana kwamba hakumuua.

Anamjia siku ya kuungama. Sonya anapoanza kuelewa, anarudi nyuma huku akinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, kama Lizaveta alivyofanya mbele ya shoka, na uso wake ni ule ule. Dostoyevsky anautaja mfanano huo waziwazi. Kwangu, hapo alizidisha neno. Mkono ulikuwa umeshasema, na fundi aliyenyamaza kuhusu makali ya shoka angeweza kunyamaza tena.