Mwenye Mtumbwi wa Mto Mosel

Mnamo mwaka 371 hivi, mtunzi wa Kirumi aitwaye Ausonius aliandika Mosella, utungo wa Kilatini wenye mishororo 483 unaousifu mto Mosel na vijiji vyake vya mizabibu, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alikuwa mwenyeji wa Bordeaux, mwalimu wa Gratian, mwana wa Kaisari Valentinian wa Kwanza, na ikulu wakati huo ilikuwa Trier. Wanaoupenda utungo huu huupenda kwa mandhari yake: maji maangavu, milima ya kijani, nyumba za matajiri kando ya mto. Hayo yote yamo. Lakini ukiusoma kwa kuangalia ulivyoundwa, utaona kwamba kilicho bora ndani yake kimejibana katika mishororo 50 tu, ule wa 150 hadi wa 199, na kinahusu zaidi nani anamcheka nani.

Kwanza njia ya kufikia hapo. Msimulizi anavuka mto Nahe penye ukungu, anapita Bingen, kisha anatembea peke yake katika misitu ya nyanda za juu za Hunsrück, ambako hakuna dalili ya mtu na nchi ni kavu. Safari yote hiyo inachukua mishororo 11, na wa 11 unamfikisha Noviomagus, kijiji kinachoitwa leo Neumagen. Papo hapo anga linafunguka. Anatuambia kwamba sasa halazimiki kulitafuta jua katikati ya matawi, na mahali hapo panamkumbusha kwao. Kuanzia hapo utungo haukimbii tena. Mtunzi mvivu angeigawa safari sawasawa, siku kwa siku. Huyu ameibana njia ili akifika apate nafasi ya kukaa.

Amekaa kweli, hata kupita kiasi. Kabla ya kufika kwenye mizabibu anatupitisha kwa samaki wa mto huo, aina 15 hivi, mmoja baada ya mwingine, kwa zaidi ya mishororo 70. Kila samaki ana sifa yake, huyu kwa mafuta yake, yule kwa miiba yake. Rafiki yake Symmachus alimwandikia barua ya utani akisema kwamba yeye amekula mara nyingi katika meza ya Ausonius mwenyewe, na samaki hao hakuwahi kuwaona. Mzaha huo ni uhakiki tosha. Orodha ya samaki ni maonyesho ya elimu, na msomaji wa leo anaweza kuiruka bila hasara.

Kisha inakuja mizabibu, na hapa mtindo unabadilika. Ausonius anaitangaza kama onyesho jipya linaloingia jukwaani, na bonde lenyewe analiita jumba la michezo lililojengwa na maumbile. Aliyewahi kuona pinda la mto pale Piesport, jirani na Neumagen, ataelewa mara moja. Mlima wa mawe bapa ya kijivu umepinda nusu duara mbele ya mto, mizabibu imepangwa safu juu ya safu kama viti, na mteremko ni mkali kiasi kwamba mkulima anapanda akiwa ameinama. Chini ya mlima huo, mwaka 1985, yaligunduliwa mabaki ya kinu cha Kirumi cha kukamulia zabibu, cha karne ya 4, zama zile zile za utungo huu. Ila katika sehemu hii ya mizabibu hakuna anayekunywa, hakuna hata anayeonja. Mzabibu ni wa macho na masikio.

Masikio hasa. Wafanyakazi wanapanda na kushuka mlimani wakishindana kwa kelele. Huku chini, msafiri anayetembea ukingoni na mwenye chombo anayeteleza majini wanawaimbia maneno ya kejeli wakulima waliochelewa kazi. Kejeli zenyewe hatuzisikii, na hilo ni pungufu dogo linalonikera: mtu aliyeandika mishororo 70 ya samaki angeweza kutupa tusi moja. Lakini angalia jinsi sauti zilivyopangwa: moja juu kabisa, moja ukingoni, moja majini. Ngazi tatu za jumba la michezo zimejaa. Halafu mwamba, msitu na mto vinaitikia, na sehemu ya mizabibu inafungwa kwa mwangwi huo.

Mwangwi huo una kazi katika umbo la utungo. Mosella haina vina, haina beti, haina kibwagizo. Kila mshororo una mapigo sita, na mizani yake haifuati idadi ya silabi kama ya mashairi yetu. Inafuata urefu na ufupi wa silabi. Utungo wa namna hiyo unaweza kutiririka tu bila msomaji kujua sehemu moja imeishia wapi. Ausonius anaziba pengo hilo kwa kulifanya bonde lijibu. Kitu kinatoka, kinagonga, kinarudi, na tunajua tumefika mwisho wa sehemu.

Baada ya mwangwi tunapewa mchana mkali, wakati mto ukiwa hauna watu, na viumbe wa hadithi za kale, nusu mbuzi nusu watu, wanacheza majini na mabinti wa maji. Mtunzi anakiri kwamba hakuna aliyeshuhudia, na anaomba siri hiyo iachwe ilivyo. Wengi huiona sehemu hii kuwa pambo. Mimi naona ameiweka kwa makusudi. Baada ya kisichoruhusiwa kuonekana, anatuletea kinachoonekana na kila mtu lakini hakipo.

Ni jioni. Kilima kimelala ndani ya mto, na mizabibu inaonekana kuota majini. Jani linalotikisika halipo pale linapotikisika, na zabibu zinavimba ndani ya mawimbi. Katikati ya mto kuna mtu kwenye mtumbwi wa gogo, anahesabu mizabibu ya majini, na mto unamcheka. Msomaji makini atashtuka hapa. Mishororo 30 tu nyuma, mwenye chombo ndiye aliyekuwa akiwacheka wakulima. Sasa mizabibu ya wakulima hao hao imemgeuza yeye kuwa kichekesho. Ausonius haelezi, hatoi funzo, hasemi kwamba aliyecheka amechekwa. Amemrudisha mtu wa kazi ile ile, majini pale pale, akabadilisha upande wa dhihaka tu. Mwangwi ulirudisha sauti. Maji yamerudisha kejeli.

Anaharibu kidogo baadaye. Anarudia mchezo wa kivuli majini kwa vijana wapiga makasia, kisha anaufafanua kwa tashbihi ya binti mdogo aliyepewa kioo kwa mara ya kwanza. Tashbihi ni nzuri, lakini inaeleza jambo tulilokwisha kulielewa. Mito midogo inayomwaga maji Mosel na sifa za ukoo wa Kaisari zinazofuata ni wajibu wa mtu wa ikulu.

Kuna jambo moja ambalo Ausonius hangeweza kulijua. Alipofika Neumagen aliisifu ngome ya Kaisari Konstantino. Katika misingi ya ngome hiyo yalikuwa yamezikwa mawe ya makaburi ya zamani zaidi, yaliyotumiwa tena na wajenzi. Yalipofukuliwa katika karne ya 19, miongoni mwake ilikutwa mashua ya jiwe iliyobeba mapipa ya mvinyo, ya mwaka 220 hivi, na mmoja wa mabaharia wake ana uso wa kucheka. Mashua hiyo sasa iko katika jumba la makumbusho la Trier, na nakala yake imewekwa Neumagen.

Mto wenyewe umebadilika. Mabwawa na milango ya maji iliyofunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya meli yamepunguza mbio za maji. Samoni, mmoja wa samaki waliosifiwa katika orodha ile ndefu, walitoweka. Kwa hiyo sehemu iliyomgharimu mtunzi mishororo mingi imechakaa, na ile ya jioni, yenye mishororo 11, inathibitishwa na kila anayesimama ukingoni pasipo upepo. Atakayeupata utungo huu katika lugha yoyote anayoijua asianze na mshororo wa kwanza. Aanze na wa 150, asome hadi wa 199, kisha ndipo aamue kama samaki wanastahili muda wake.