Kioo kikubwa Kalima: picha ilikwama wapi?

"Yaya, nimenunua kioo cha bei, lakini kinaona kama mzee aliyesahau miwani." Ndivyo alivyoniambia kwenye simu mdogo wangu mmoja wa Kalima, mashariki mwa Kongo, ambaye kazi yake ni kuchora ramani za machimbo. Kioo chenyewe ni monita ya inchi 32, pikseli 3840 kwa 2160. Laptopu yake ni ya mtumba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, toleo la 2013. Alikuwa ameshalaumu Windows na draiva, akapakua upya kila kitu hadi bando likaisha.

Kabla ya kumcheka kwa kununua kioo kikubwa kuliko meza, tuangalie anachokitazama. Bati la Kalima lilianza kuchimbwa enzi za kampuni ya Symétain, miaka ya 1930. Ikaja SOMINKI mwaka 1976, kisha SAKIMA mwaka 1997. Machimbo ya namna hii huacha makaratasi: mto huu ulichimbwa hadi hapa, changarawe ina kina hiki, shimo la majaribio namba fulani. Karatasi moja ya A3 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inazaa picha ya pikseli zipatazo 4960 kwa 3508. Skrini ya laptopu yake ni 1366 kwa 768, pikseli milioni moja na ushei. Kusoma plani kwa skrini hiyo ni kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Monita mpya ina pikseli milioni 8.3, karibu mara nane. Hiyo si anasa.

Sasa tuje kwenye waya. Laptopu hiyo ina milango miwili ya kutolea picha: VGA, ambayo ni ya mwaka 1987, na DisplayPort. Ndani ya boksi la monita kulikuwa na kebo ya HDMI peke yake. Basi mjini Kindu akauziwa kiadapta, upande mmoja DisplayPort, upande wa pili HDMI. Kikaingia vizuri, picha ikatoka, ila ya 1920 kwa 1080 iliyovutwa kujaza kioo: nukta moja imegeuzwa nne. Herufi zikawa na ukungu pembeni.

Kiadapta cha aina hiyo hakina akili ndani yake. Kinachofanya ni kuiomba laptopu iseme lugha ya HDMI kupitia tundu la DisplayPort, na kile cha aina ya zamani kina kikomo cha megahezi 165. Picha ya 1920 kwa 1080 mara 60 kwa sekunde hula megahezi 148.5, kwa hiyo inapita. Ile ya 3840 kwa 2160 kwa mwendo huohuo hula zaidi ya 500. Monita, kwa upande wake, haikuficha kitu: ukiichomeka tu inatuma wasifu wake, kijifaili ambacho sehemu yake ya kwanza ni baiti 128, kinachosema "mimi ni mkubwa kiasi hiki". Laptopu inasoma wasifu, inatazama kikomo cha kiadapta, halafu inafuta saizi kubwa zote kwenye orodha. Ndiyo maana angebofya mpaka alfajiri asione alichokuwa anakitafuta.

Vipo viadapta vya karibuni vinavyofika megahezi 300. Hivyo vingempa ukubwa wote, lakini mara 30 kwa sekunde, na mshale wa mausi unaburuta kama umetiwa gundi. Kwa sinema sawa. Kwa mtu anayefuata ukingo wa mto siku nzima, nilimwambia aache.

Tukaagiza kebo ya DisplayPort pande zote mbili. Ilitoka Kinshasa kwa ndege hadi Kindu, kisha pikipiki. Akaichomeka, ukubwa kamili ukatokea, akanitumia picha yenye vidole vitatu vya furaha. Baada ya dakika kumi simu ikalia tena: mausi inaburuta! Ilikuwa 30 bado.

Hapo nilikwama kweli, na aliyepata jibu ni yeye. Katika menyu ya monita yenyewe, ile ya vitufe vya chini ya kioo ambavyo hakuna mtu anayevigusa, palikuwa na mstari: DisplayPort 1.1. Toleo hilo hubeba gigabiti 8.64 za picha kwa sekunde. Yeye alihitaji takribani 12.8. Toleo la 1.2 hubeba 17.28, na laptopu ilikuwa inaliweza tangu mwanzo. Nadhani kiwanda huanzia chini ili monita isigombane na kompyuta kuukuu. Akabadili, kioo kikawa cheusi sekunde chache, kikarudi na 60.

Kesho yake laptopu ikagoma kuwaka. Kisa ni kebo ileile: baadhi ya zile za bei rahisi huunganisha pini ya 20 kutoka mwisho hadi mwisho, jambo ambalo kanuni inakataza. Umeme mdogo wa monita unapanda kinyumenyume hadi kwenye laptopu na kuivuruga. Chomoa, washa, chomeka. Hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi, hataki tena kusikia habari ya kebo nyingine. (Lehemu inayoshika pini hizo siku hizi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Huenda limetoka Kalima hiyohiyo, likazunguka dunia, likarudi kumsumbua mwenye nyumba.)

Umeme ni hesabu nyingine. Anatumia sola: betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, na ukitaka idumu usiimalize zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Monita wati 50, laptopu 30, inverta nayo inakula chake. Inatoka kazi ya saa sita hivi. Alipopunguza mwanga wa kioo alipata muda zaidi kidogo. Maandishi ameyakuza kwa asilimia 150, maana bila hivyo menyu ni sisimizi, huku ramani ikibaki na pikseli zake zote.

Plani ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya kijito alichokipima mwaka jana. Pembeni ya shimo moja la majaribio kuna namba ya penseli, kina kwa mita, ambayo muda wote huo alikuwa akiisoma 3. Ni 8. Jumatatu anarudi kijitoni na mabeleshi.