Mashine ya Karatasi kwa Kiswahili cha Unguja

Katika orodha ya vipuri vya mashine ya karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kuna kipuri kinachoitwa "couch roll". Mfasiri wa Kiswahili akikutana nacho mara ya kwanza atakwenda moja kwa moja kwenye kochi la sebuleni, na kamusi nyingi zitamuunga mkono. Lakini neno hili halihusu kukaa. Limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kulaza, na mafundi wa karatasi hulitamka "kuch". Ni rola ambapo ukurasa mbichi huachana na wavu uliouchuja na kuhamia kwenye blanketi. Zamani, karatasi ilipotengenezwa kwa mikono, kazi hiyo ilikuwa ya mtu: aligeuza fremu na kuulaza ukurasa juu ya kitambaa cha sufu. Mashine ilipokuja ilirithi kazi, na jina likarithiwa pamoja nayo.

Mtego wa pili ni "headbox". Hapo hapana kichwa. "Head" ya mafundi wa maji ni kani inayotokana na kimo cha maji yaliyosimama juu ya tundu yanakotokea. Tangi likiwa refu, maji hutoka kwa nguvu. Wa tatu ni "size", ambayo haina habari na kipimo wala ukubwa. Ni gundi au wanga unaotiwa kwenye karatasi ili wino usitawanyike. Orodha yenye mitego mitatu ya aina hii katika ukurasa mmoja haifasiriki kwa kamusi, hata kamusi iwe nzuri namna gani. Inafasiriwa na mtu anayejua maji yanaingia wapi na yanatokea wapi.

Waholanzi wameshaipita njia hii, na kwao ilikuwa na upekee wake. Katika karne ya 17 wasagaji wa eneo la Zaan, kaskazini mwa Amsterdam, walianza kutumia tangi la duara dufu lenye rola ya visu, inayozunguka juu ya bamba la visu vingine na kuponda vitambaa vikuukuu mpaka viwe nyuzi. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa kwa michi iliyoinuliwa na gurudumu la maji. Waingereza waliichukua mashine hiyo na kuiita kwa jina la watu wenyewe, "Hollander". Kwa hiyo Mholanzi anayefasiri orodha ya Kiingereza anakuta taifa lake limesimama katikati ya ukurasa kama jina la kipuri. Analo pia neno lake la kinu, "maalbak", yaani tangi la kusagia. Pale Westzaan kinu cha upepo kiitwacho De Schoolmeester, kilichojengwa mwaka 1692, bado kinatengeneza karatasi, na matangi ya namna hiyo yanafanya kazi mle ndani.

Baadaye uzito wa msamiati ukahama. Louis-Nicolas Robert alipata hataza ya mashine ya karatasi isiyokatika nchini Ufaransa mwaka 1799, lakini mashine hiyo ilikamilishwa Uingereza, kwa fedha za ndugu wawili wa ukoo wa Fourdrinier na kwa mkono wa fundi Bryan Donkin, ikawashwa Frogmore mwaka 1803. Tangu hapo majina ya vipuri yakawa yanazaliwa kwa Kiingereza na lugha nyingine zikawa zinayapokea. Wavu wa kuchujia Waingereza waliuita "wire", kwa sababu ulisukwa kwa nyaya za shaba nyeusi. Waholanzi wakauita "zeef", chekeche. Mmoja alitaja kitu kilivyoundwa, mwingine akataja kinachofanya. Leo wavu huo husukwa kwa nyuzi za plastiki. Kiingereza kimebaki na waya usiokuwepo, Kiholanzi kimebaki na chekeche ambacho bado ni chekeche. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "waya" kwenye mwongozo wa mashine mpya anamtuma fundi stoo akatafute kitu ambacho hakimo.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kazi yote: fasiri kazi ya kipuri, usifasiri jina lake. Na kitenzi cha kazi hiyo kitafutwe kwa wale ambao nyuzi, maji na kitambaa vimo mikononi mwao kila siku.

Unguja haijawahi kuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi. Karatasi ya Tanzania ilitengenezwa mbali na bahari, Mgololo wilayani Mufindi, kwenye kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 kwa kutumia misindano ya msitu wa Sao Hill. Kwa nini basi nije Unguja kutafuta majina? Kwa sababu Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa sababu mji huu una historia ndefu ya kuzipa mashine majina bila kusubiri kamati. Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika hapa mwaka 1864, akaanzisha uchapaji, A. C. Madan wa misheni hiyohiyo akatoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Sultani Barghash naye alileta mtambo wake wa chapa kwa vitabu vya Kiarabu. Na neno lililoshinda, "kupiga chapa", halikutungwa na mmisheni wala na Sultani. Asili yake ni ya Kihindi, na limekaa vizuri katika Kiswahili hata mkuu wa uchapaji serikalini akaitwa Mpigachapa Mkuu.

Mafundi walifanya vivyo hivyo na vyombo vingine. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari. Seremala wa Mji Mkongwe anayechonga miguu ya vitanda anasema anakereza, na mashine yake ni kerezo. Ana jiliwa la kubania, keekee ya kutobolea, randa ya kulainishia. Maneno mengine ni ya Kiswahili, mengine yamevuka bahari, lakini yote yana sifa moja: yanaitika. Ukimwita mwanafunzi kwa sauti katikati ya kelele za msumeno akuletee randa, haleti tupa.

Sasa twende Jambiani, au Paje, au Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakiwa yamekupwa. Wanawake wanatembea mpaka kwenye mashimo yao, yaliyozungushiwa mawe ili kila mtu ajue lake. Mle ndani wamefukia makumbi ya nazi, na makumbi yamekaa miezi mingi yakijaa na kutota kila maji yanapopanda. Yanapofukuliwa yamekuwa meusi na yananuka kama yai viza. Vijidudu vimekula ule unga unaoshikanisha nyuzi, nyuzi zenyewe zikabaki nzima. Mwanamke anaweka kumbi juu ya jiwe au gogo, analipiga kwa gongo, analigeuza, analipiga tena, analikung'uta, analisuuza kwa maji ya bahari. Hakati uzi hata mmoja. Akimaliza ana usumba, mweupe kiasi, na usumba ukikauka unasokotwa kamba.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya kutengeneza karatasi, kazi kwa kazi. Mgololo msindano hupikwa kwa dawa ndani ya mtungi wa mvuke ili kuondoa kile kinachoshikanisha nyuzi za mti. Jambiani bahari hufanya kazi inayofanana na hiyo polepole na bila moto. Kisha nyuzi hupigwa. Na hapa nadhani tusiwafuate Waholanzi. Wao walisema "kusaga" kwa sababu mashine yao ilikaa ndani ya kinu cha upepo, jirani na vinu vya nafaka. Kwa Mswahili kusaga kunatoa unga. Lakini karatasi ya unga haishikani. Kinachotakiwa ni uzi uchubuke na kutoa vinyweleo ubavuni bila kukatika sana, ili ukilala juu ya mwenzake ushikane nao. Mwanamke wa Jambiani anaujua mpaka huo kwa mkono: akizidisha gongo, kamba itakuwa dhaifu. Anasema anapiga, au anaponda. Basi mashine ya Zaan kwa Kiswahili ni tangi la kupondea, na mwongozo ukisema "usiponde kupita kiasi" utaeleweka bila tanbihi.

Nyuzi zilizopondwa huchanganywa na maji mengi mno. Uji unaoingia mashineni aghlabu una nyuzi zisizofika asilimia 1. Zaidi ya asilimia 99 ni maji. Rojo ni neno zuri kwa uji mzito wa tangini, lakini hapa umeshakuwa mwepesi kama maji ya mchele, na mwongozo mzuri utenganishe majina hayo mawili: rojo, kisha maji ya nyuzi. Yanamwagwa kwenye wavu na lile sanduku la mtego wa pili. Kiholanzi kinaliita kwa maana ya sanduku la kupandia. Mimi naliita sanduku la kumiminia. Linamimina kwa upana wote wa mashine, kwa unene uleule, na likikosea mahali pamoja karatasi nzima itakuwa na mstari.

Wavu wenyewe ni chujio. Sikuchagua kichujio, ingawa kinakubalika, kwa sababu ya tatizo ambalo wasanifu wa istilahi hawalisikii wakiwa mezani. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kuunda vifaa kwa ki- ya mbele na -io ya nyuma: kikaushio, kikamulio, kilainishio, kichanganyio, kilazio. Kwenye karatasi orodha hiyo inapendeza. Ndani ya ukumbi wenye mashine inayonguruma, maneno matano yanayoanza sawa na kuisha sawa ni hatari. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 imeutumia uwezo huo kwa manufaa makubwa, na darasani hakuna ubaya. Kiwandani nataka kila kipuri kiwe na umbo lake: chujio, blanketi, rola ya kulazia, matungi ya kukaushia.

Baada ya chujio ukurasa una nyuzi kama asilimia 20. Unalazwa kwenye blanketi na kupitishwa kati ya rola mbili nzito. Kitenzi hapa hakina mshindani: kukamua. Rola za kukamulia zinaufikisha kama asilimia 40 au zaidi kidogo, na hapo nguvu za kukamua zinaishia. Maji yaliyobaki yamo ndani ya uzi, na ni moto tu unaoyatoa. Ukurasa unazunguka kwenye matungi ya chuma yaliyojaa mvuke mpaka ubaki na unyevu wa asilimia 5 au 6. Waholanzi wamezipa sehemu hizi tatu majina ya mpangilio mmoja: ya chekeche, ya kukamulia, ya kukaushia. Ni mpangilio safi na sioni sababu ya kuukwepa.

Kisha inakuja sehemu ambayo kukopa kungetuharibia kabisa. Rola za kulainishia uso wa karatasi kwa Kiingereza ni "calender". Tukiitohoa kwa kanuni za kawaida tunapata kalenda, na kalenda tayari imetundikwa ukutani ikiwa na tarehe. Mwongozo unaoagiza "safisha kalenda kila wiki" utamshangaza fundi yeyote. Kazi ya rola hizo ni kubana na kusugua ukurasa uliokauka mpaka uteleze, na neno la kazi hiyo linajulikana kila nyumba: kupiga pasi. Rola za pasi, basi.

Dobi anatupa na neno la pili. Kanzu inayosimama wima Ijumaa imetiwa kanji. Karatasi ya kuandikia nayo, mara nyingi, imetiwa wanga uleule, ili kalamu ya wino isiifanye kama kitambaa cha kufutia. Kwa hiyo "size" ya wanga ni kanji, na iliyopikwa kwa ngozi au utomvu ni gundi. Kiholanzi kinasema gundi kwa zote mbili. Sisi tunaweza kutofautisha, na tofauti hiyo ina faida kwa fundi anayechanganya dawa.

Majina haya yana wateja hata kisiwani. Nyaraka za Unguja zilizohifadhiwa Kilimani ni karatasi kabla ya kuwa historia: barua za Kiarabu, majalada ya ubalozi mdogo, hesabu za forodha. Anayezihifadhi anahitaji kueleza kwa Kiswahili alichokishika mkononi. Karatasi ya mashine ina nyuso mbili, moja iliyolala kwenye wavu na nyingine iliyoelekea blanketi, nazo hazipokei wino wala unyevu kwa namna moja. Upande wa chujio na upande wa blanketi ni maelezo yanayotosha, na aliyeshika chujio na blanketi mwanzoni mwa orodha hahitaji kufundishwa tena.

Moja bado linanisumbua. Ile alama inayoonekana karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga tumezoea kuiita alama ya maji, tafsiri ya neno kwa neno, na maji hayahusiki nayo zaidi ya yanavyohusika na ukurasa mzima. Ni mahali ambapo nyuzi zimekuwa chache kwa sababu uzi wa chuma ulioshonwa juu ya rola nyepesi umezisogeza ukurasa ukiwa bado mbichi. Nilifikiria kuiita chapa, nikaacha, maana chapa huja baadaye na wino wake. Wanaoshika noti wameshalizoea jina la alama ya maji, nami siwanyang'anyi. Lakini rola yenyewe, ambayo kwa Kiingereza ina jina lisiloeleza kazi yake na ambayo Waholanzi waliazima kwa Wafaransa neno lenye maana ya kuchuruzisha maji, nimeiandika rola ya alama. Iko juu ya chujio, kabla ya rola ya kulazia.