Ramani Nayo ni Ufafanuzi: Kuchagua Atlasi kwa Somo la Jiografia ya Biblia

Mwaka 1525 mpiga chapa Christoph Froschauer wa mjini Zürich alitoa Agano la Kale lililokuwa na ramani ndani yake, na kwa kadiri ijulikanavyo hiyo ndiyo Biblia ya kwanza kuchapwa pamoja na ramani. Mchoro wenyewe ulitokana na kazi ya Lucas Cranach, mchoraji wa Wittenberg na rafiki wa Martin Luther, nao ulionyesha safari ya wana wa Israeli kutoka Misri hadi nchi ya ahadi. Kwa bahati mbaya ulichapwa kinyume, kama mtu ajionavyo katika kioo. Bahari ya Mediteranea, iliyopaswa kuwa magharibi mwa nchi, ikatokea mashariki yake, na Biblia hiyo ikaingia mikononi mwa wasomaji ikiwa hivyo.

Hatukitaji kisa hiki ili tuwacheke wazee wa siku za Matengenezo ya Kanisa. Tunakitaja kwa sababu kosa la ramani ni kosa lisilopiga kelele. Mhubiri akikosea aya, mzee wa usharika mwenye Biblia mkononi atamsahihisha mlangoni. Ramani ikikosea, hakuna amsahihishaye, maana wengi wetu tumezoea kuiamini ramani kama tunavyoamini kalenda ya ukutani.

Hoja yetu katika makala haya ni moja: ramani ya Biblia ni ufafanuzi wa Maandiko, na yafaa kuchaguliwa kama tunavyochagua kitabu cha ufafanuzi. Kitabu cha ufafanuzi hatukinunui kabla ya kuuliza mwandishi ni nani, anasimama upande gani, na hoja zake zina ushahidi gani. Kwa atlasi hatuulizi. Twatazama picha, twauliza bei, basi. Nayo ni hasara kubwa, kwa kuwa mchungaji wa kwetu huenda akanunua atlasi moja tu katika miaka yote ya utumishi wake. Kwa hiyo tunaleta vipimo vinne ambavyo mnunuzi aweza kuvitumia akiwa bado amesimama dukani, kisha tutazitazama atlasi tano zinazojulikana sana.

Kipimo cha kwanza: je, atlasi inaanza na nchi yenyewe? Zipo atlasi zinazoanza na Ibrahimu na kumalizia na Paulo, kana kwamba nchi haikuwa na milima wala mvua kabla ya watu hao kufika. Atlasi njema humwonyesha msomaji kwanza nyanda za pwani, vilima vya Shefela, mgongo wa milima ya Efraimu na Yuda, halafu mteremko mkali wa kuingia bonde la Yordani. Yerusalemu uko mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, na Yeriko uko mita 250 hivi chini ya usawa huo. Umbali kati yao ni kilomita 25 hivi tu. Yaani mtu hushuka mita 1,000 kwa safari ya siku moja, mfano wa kutoka lango la Marangu hadi mjini Moshi. Mvua nayo yashuka pamoja naye: Yerusalemu hupata zaidi ya milimita 500 kwa mwaka, na Yeriko hupata chini ya milimita 200. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwenye ramani ya mwinuko na ya mvua hatalipita tena bila kulitazama neno la kushuka katika Lk. 10:30. Ataiona njia kavu ya magenge na makorongo, mahali ambapo mnyang'anyi hujificha kwa urahisi na mtu aliyejeruhiwa hana kivuli.

Tena lugha ya Kiebrania yenyewe imeibeba nchi hiyo. Magharibi huitwa kwa neno la bahari, kusini kwa jina la Negebu, na mashariki kwa neno lenye maana ya mbele. Msemaji wa Kiswahili haoni ugeni hapo, kwa maana kaskazini na kusini zetu zatokana na pepo za kaskazi na kusi. Hata ramani ya vijiwe iliyotandazwa sakafuni mwa kanisa la Madaba, katika nchi ya Yordani, katika karne ya sita B.K., imeelekezwa mashariki. Asiyeijua nchi ataijua sarufi kwa nusu tu.

Kipimo cha pili: je, msomaji anauona ukubwa wa mambo? Hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tunao mtego wetu wenyewe. Tunasoma "Bahari ya Galilaya", na aliyekulia Tanga au Mtwara akilini mwake anaiona Bahari ya Hindi. Kumbe ni ziwa lenye urefu wa kilomita 21 hivi na eneo la kilomita za mraba 166 hivi, ambalo lingeingia ndani ya Ziwa Victoria zaidi ya mara 400. Luka mwenyewe huliita ziwa (Lk. 5:1). Kutoka Dani hadi Beer-sheba, maneno yaliyotumika kuitaja nchi nzima, ni kilomita 240 hivi. Mhubiri asiyejua vipimo hivyo atawatuma mitume safari za majuma mahali palipohitaji siku moja, na dhoruba ya ziwani ataieleza kama dhoruba ya kisiwa cha mbali. Basi mnunuzi atazame kama kila ramani ina skeli iliyo wazi, na kama skeli hiyo haibadilikibadiliki kutoka ukurasa hadi ukurasa bila msomaji kuonywa.

Kipimo cha tatu, ambacho kwetu ndicho kizito kuliko vyote: je, atlasi inakiri shaka? Mwaka 1838 Edward Robinson na mwenzake Eli Smith walizunguka Palestina wakiyasikiliza majina ya vijiji jinsi Waarabu wenyeji walivyoyatamka, na kwa njia hiyo miji mingi ya kale ikatambuliwa. Kijiji cha el-Jib kilidhaniwa kuwa Gibeoni; uchimbaji ulioanzwa na James Pritchard mwaka 1956 ukafukua mikono ya mitungi yenye jina hilo la Gibeoni. Hapo tuna uhakika. Lakini si kila jina lina mtungi wake.

Mnunuzi na afungue ukurasa wa Emau. Katika Lk. 24:13 hati nyingi zataja stadia 60, kama kilomita 11; Kodeksi ya Sinai na hati nyingine chache zataja 160, kama kilomita 30. Kwa hesabu ya kwanza wengine huelekea el-Qubeibeh, na kwa hesabu ya pili wengine huelekea Imwas, mji ulioitwa Nikopoli baadaye. Atlasi ikiweka nukta moja ya Emau bila alama ya kuuliza, imeamua suala la uhakiki wa hati pasipo kumwambia msomaji kwamba suala hilo lipo. Vivyo hivyo kwa habari ya nguruwe waliotelemka gengeni (Mk. 5). Hati za Kiyunani zinatofautiana kati ya Wagerasi, Wagadara na Wagergesa. Gerasa uko zaidi ya kilomita 50 kutoka ziwani, na Gadara kilomita 10 hivi. Ramani ndiyo imfanyayo mwanafunzi aelewe kwa nini wanakili wa kale walihangaika na jina hilo.

Wako watakaosema kwamba alama za kuuliza zitawatikisa washarika. Sisi twaona kinyume chake. Mtikiso huja pale kijana aliyefundishwa kwamba mstari mwekundu wa safari ya kutoka Misri ni wa hakika anapofungua kitabu kingine na kuukuta mlima Sinai mahali pengine kabisa. Aliyefundishwa tangu mwanzo kwamba Kanisa limepokea habari ya agano bila kukabidhiwa njia yake yote, kambi kwa kambi, hana cha kupoteza siku hiyo.

Kipimo cha nne: karatasi inakatwa wapi? Ramani nyingi za ulimwengu wa Biblia hukatwa karibu na Aswani, na kusini ya hapo kuna ukingo wa ukurasa tu. Matokeo yake ni kwamba Kushi haina mahali. Tirhaka mfalme wa Kushi yumo katika 2 Fal. 19:9, Ebed-meleki Mkushi ndiye aliyemtoa Yeremia shimoni, na towashi wa Mdo. 8 alikuwa mtumishi wa Kandake, cheo cha malkia wa Kushi, ambao makao yao wakati huo yalikuwa Meroe, kando ya Nile, kaskazini ya Khartoum ya leo. Jina "Ethiopia" la Wayunani halina mipaka ya nchi iitwayo hivyo sasa. Mwanafunzi wa Afrika akiletewa ramani isiyo na Meroe, atadhani kwamba towashi yule alitoka pasipojulikana na kurudi pasipojulikana. Hatudai upendeleo hapa. Twadai karatasi ifike mahali ambapo Maandiko yenyewe yanafika.

Sasa tuzitazame atlasi zenyewe. Oxford Bible Atlas, iliyotolewa kwanza mwaka 1962 chini ya uhariri wa Herbert G. May, na ambayo toleo lake la nne la mwaka 2007 liliandaliwa na Adrian Curtis, ni nyembamba, ina maelezo mafupi, na inasimama katika uhakiki wa vyuo vikuu. Yafaa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ufupi wake, hata hivyo, humwacha mhubiri na njaa anapotaka kulifuata tukio moja kwa karibu.

The Macmillan Bible Atlas ya Yohanan Aharoni na Michael Avi-Yonah, ya mwaka 1968, iliyosahihishwa na Anson Rainey na Ze'ev Safrai mwaka 1993, ni kinyume chake. Ina ramani ndogo ndogo zaidi ya 200, karibu kila tukio na ramani yake, na aya za Maandiko pembeni. Kwa kuandaa somo haina mfano. Lakini mishale yake ina ujasiri mno. Safari ya Ibrahimu, ambayo twaijua kwa kitabu cha Mwanzo peke yake, na vita vya Senakeribu vya mwaka 701 K.K., ambavyo hata kumbukumbu za Waashuru zinavisimulia, zimechorwa kwa mtindo unaofanana. Mwalimu atakayeitumia hana budi kuwafundisha wanafunzi kuipima mishale hiyo.

The Sacred Bridge ya Rainey na R. Steven Notley (2006) huyaweka maandishi ya kale mbele ya msomaji katika lugha zake za asili pamoja na tafsiri, nayo humwonyesha msomaji njia ambayo hitimisho lilifikiwa. Ni kubwa, nzito na ya gharama. Mahali pake ni maktaba ya chuo, nasi twasema kila maktaba ya chuo iwe nayo.

Zimebaki ile ya Carl Rasmussen (1989, ikatolewa upya 2010) na ile ya Barry Beitzel (1985, ikatolewa upya 2009). Zote mbili huanza na nchi, kwa kirefu na kwa uangalifu, na kwa kipimo chetu cha kwanza zinawashinda wenzao. Waandishi wake wanatoka katika mkondo wa kihafidhina, na katika tarehe za kutoka Misri na kuiteka Kanaani msomaji asiishie kwao. Hata hivyo, kwa mchungaji wa usharika atakayenunua atlasi moja tu, twamshauri achague moja ya hizi mbili, kisha mambo ya tarehe ayapime kwa ile ya Oxford maktabani.

Yupo atakayeuliza kama haja ya atlasi haijakwisha, maana simu ya mkononi inaonyesha picha za satelaiti bure. Picha hizo ni msaada mkubwa kwa kuona milima, lakini ni picha za leo. Bahari ya Chumvi huonekana imegawanyika, kwa kuwa maji ya Yordani yamechukuliwa kwa matumizi mengine na kina cha bahari hiyo kinashuka zaidi ya mita moja kwa mwaka. Ziwa Hula lilikaushwa katika miaka ya 1950. Setelaiti haimjui Yeremia.

Na atakayesema kwamba wokovu hautegemei kilomita, tunakubaliana naye. Lakini Luther alitufundisha kushika maana halisi ya maneno kabla ya kukimbilia mafumbo, na maneno ya Maandiko yamejaa kupanda, kushuka na kuvuka ng'ambo. Neno alipofanyika mwili alipata pia kijiji, ziwa na barabara.

Tunamalizia na pendekezo. Atlasi zote tulizozitaja zina faharasa kwa Kiingereza. Msomaji wa Union Version ya mwaka 1952 anatafuta Shamu, Dameski, Ashuru na Uajemi, na hazioni. Kila darasa la Agano la Kale laweza, kwa muhula mmoja, kuandaa faharasa ya majina ya Kiswahili ya atlasi iliyomo katika maktaba yake, likaipiga chapa na kuibandika nyuma ya jalada. Ni kazi ya kurasa chache. Atakayeifanya atakuwa ameisoma ramani yote.