Mkataa Kwao na Aliyekataliwa na Kwao

Methali yetu yasema mkataa kwao ni mtumwa. Hapa Buluk twaifundisha watoto ambao baadhi yao walilelewa kambini Kakuma au Uganda. Lakini methali hiyo haisemi neno juu ya mtu aliyekataliwa na kwao. Pengo hilo tulilikumbuka tulipokisoma kitabu Sacred Queer Stories, kilichotolewa mwaka 2021 na Adriaan van Klinken na Johanna Stiebert, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na viongozi wawili wa wakimbizi wenyewe.

Kitabu kimekusanya masimulizi ya raia wa Uganda, wapenzi wa jinsia moja na wenzao, waliokimbilia Nairobi. Aidha, wasimulizi walisoma pamoja visa viwili vya Biblia, cha Danieli katika tundu la simba na cha mwanamke aliyefumaniwa, wakavigeuza kuwa michezo ya kuigiza.

Twakisifu kwa jambo moja kubwa. Mkimbizi huulizwa habari zake na maofisa, na maneno yake hupimwa: yakiaminika hupata hifadhi, yasipoaminika huikosa. Hapa asimulia mbele ya wenzake, wala hapana muhuri unaomngoja.

Hata hivyo tuna hoja mbili. Kwanza, Danieli alitoka tunduni mzima, lakini hakurudi Yuda. Alibaki ugenini Babeli. Kuokoka ni jambo moja, kuwa na kwao ni jingine. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuzifuta sheria za kikoloni zinazowahukumu watu hawa, na mwaka 2023 Uganda ilipitisha sheria kali zaidi. Msomaji asidhani basi kwamba kisa kikiisha vyema msimulizi amekwisha fika.

Pili, kitabu ni cha Kiingereza. Atakayekifasiri atakwama kwenye jina lenyewe. Neno shoga, ambalo wanawake wa Pwani huitana kwa mapenzi, limegeuzwa tusi. Na mengine mengi yalikuwa matusi tangu awali. Kumpatia mtu jina lisilomtukana ni kazi yetu walimu wa lugha.

Mwanafunzi akituuliza, aliyekataliwa na kwao ni nani, tutamjibu nini? Kwa maoni yetu ni mgeni. Na kwa desturi zetu mgeni hukaribishwa kwanza, habari akaulizwa baadaye.