Banzi la Upepo

Chukua mrija wa soda, uuzamishe sentimita 10 ndani ya jagi la maji, kisha upulize taratibu mpaka mapovu yaanze kutoka. Msukumo ule unaousikia mashavuni ndio unaowawezesha kulala watu waliokuwa wakikatikiwa na pumzi usingizini. Hata mtoto ana nguvu ya kuutoa. Lakini kabla haujajaribiwa, mgonjwa aliyezidiwa alikuwa na tiba moja tu ya uhakika: kutobolewa shingo chini ya koromeo na kuwekewa bomba la kupumulia.

Nyuma ya ulimi na kaakaa laini, njia ya hewa haina mfupa wa kuizunguka. Misuli ndiyo inayoishikilia iwe wazi, na tukilala misuli hiyo hulegea. Kwa mtu ambaye njia yake ni nyembamba, ama kwa mafuta ya shingoni, ama kwa mafindofindo makubwa au taya fupi, kule kuvuta pumzi kwenyewe hufyonza kuta za koo zikakutana, kama mrija wa karatasi uliolowa. Kifua kinahangaika, hewa haipiti, oksijeni inashuka katika damu. Ubongo unashtuka, mtu anahema kwa kishindo, anasinzia tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Pumzi ikikatika au kupungua hivyo mara 30 kwa saa, ugonjwa unahesabiwa kuwa mkali.

Mwezi Juni 1980, daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo aliyekataa kutobolewa shingo. Akamwomba ajaribu kitu kingine kwa usiku mmoja. Akachukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaitumia upande wa kupuliza, akaunga bomba pana, na kutoka kwenye bomba hilo akapitisha mirija laini mpaka puani.

Watu husimulia habari ya mashine ya vumbi kama kichekesho. Mimi naona ndipo ilipo akili yote. Mtu akivuta pumzi hunywa hewa nyingi kwa mara moja. Chanzo kikiwa na hewa kidogo, msukumo unaanguka wakati uleule koo linapouhitaji zaidi. Mota ile ilitoa hewa tele kwa nguvu ndogo. Ncha ya pili ya bomba iliachwa wazi, na kuongeza msukumo ilikuwa ni kuibana ncha hiyo kidogo kidogo. Hewa chafu anayoitoa mgonjwa nayo ilipata pa kutokea. Kumpa oksijeni tupu kusingefungua mlango uliofungwa. Hapa upepo wa kawaida ndio uliosimama mlangoni.

Mgonjwa alilala, na mara pumzi zikaanza kukatika. Sullivan akapandisha msukumo. Ghafla koo likafunguka, akapumua sawasawa. Akaushusha, koo likafunga, akaupandisha, likafunguka. Kwa mchunguzi huo ni ushahidi wa nadra: sababu na tiba unaziona kwa kugeuza kidude kimoja. Yule bwana akalala kiasi cha saa 7. Aprili 1981 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 5, waliotibiwa kwa msukumo wa sentimita 4.5 hadi 10 za maji. Waandishi walilinganisha upepo huo na banzi, kama lile la mguu uliovunjika, ila hili linafungwa kutoka ndani.

Kazi ngumu ikaanza baada ya hapo, nayo ilikuwa barakoa. Wagonjwa wa mwanzo walichukuliwa umbo la pua kwa plasta, wakatengenezewa barakoa ya faiba, na kila usiku waliigandisha usoni kwa gundi ya silikoni. Kila usiku! Silikoni laini inayojikalia usoni yenyewe ilikuja baadaye.

Na bado hapo ndipo tiba inapokwama. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016, wenye watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au kiharusi, haukuona mashine ikipunguza mishtuko ya moyo wala viharusi, ingawa usingizi wa mchana ulipungua. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Banzi halishiki mguu usiofungwa.

Ndiyo maana njia nyingine zina nafasi yake. Kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele huwafaa wengi wenye ugonjwa mdogo au wa kati. Watoto, mara nyingi, huanzia kwenye kuondolewa mafindofindo. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani na kusisimua mshipa wa fahamu wa ulimi ili usirudi nyuma, na Desemba 2024 ikaidhinisha dawa ya sindano ya tirzepatide kwa wagonjwa wanene. Kupunguza uzito kunaondoa mzigo wenyewe shingoni, lakini kunachukua miezi, na koo linafunga usiku wa leo.

Shemeji yangu alinunua mashine, akaiacha kabatini baada ya wiki mbili. Muuzaji alimkadiria barakoa kwa macho tu, akiwa amekaa kitini. Akilala, mashavu yalitandazika, upepo ukavuja na kumpiga machoni. Mtaalamu mwingine alimlaza kitandani, akawasha mashine, akambadilishia barakoa tatu hadi ikapatikana isiyovuja hata akigeuka ubavu. Dada anasema nyumba imekuwa kimya mno. Mwezi wa kwanza aliamka saa nane za usiku kumwekea kiganja kifuani, asikie kinapanda na kushuka, ndipo naye alale.